Nilimsingizia Marehemu kwa Sababu ya Beji ya Kitambaa

Nimekosa, ndugu yangu. Nakuambia mapema ili usije ukaanza kunihurumia halafu ukafika mwisho ukajuta. Nilimsingizia mtu aliyekufa, nikamchafua mbele ya mke aliyemsubiri tangu ujana wake. Na huyo mke naye amekufa akiniamini.

Jina langu sitalitaja. Najua ukimaliza kusoma utasema, "Huyu naye ana uso gani!" Sema tu. Nimeshajisemea mabaya kuliko hayo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma. Naishi Mpemba, nje kidogo ya mji, chumba na sebule. Mke wangu alifariki, watoto wako Dar es Salaam, na simu yao ni ya sikukuu. "Baba upo?" Nipo. "Haya baba, salio linaisha." Basi, tumeshaongea mpaka Pasaka.

Mtu asiyewahi kuishi peke yake hawezi kuelewa. Si njaa, chakula nanunua. Shida ni kufungua mlango na kukuta kila kitu kipo pale pale ulipokiacha asubuhi. Kikombe hakijasogezwa. Hakuna sahani iliyofunikwa ikikusubiri, hakuna hata wa kukuuliza kwa nini umechelewa.

Ndiyo maana nikaanza mambo ya beji. Wengine wakifiwa wanaingia kwenye pombe, mimi niliingia kwenye vitambaa.

Ilianza na koti la mzee mmoja lililoletwa nibadilishe bitana. Nilipofumua ile ya zamani nikakuta ndani kitambaa kidogo kimedariziwa kanga, yule ndege, mwenye madoa meupe. Kijana aliyelileta akasema, "Ah, hiyo ya babu, ya vita ya nduli Amin. Tupa." Sikutupa. Niliiweka mfukoni, na jioni nikawa na kitu cha kutazama nyumbani.

Nikaanza kuuliza wazee. Wakanieleza kwamba mgambo walipochukuliwa vijijini kwetu kwenda vita vya Kagera, wake zao na dada zao waliwadarizia vibeji vya kwenda navyo. Kila kijiji kilikuwa na alama yake, ili vijana wa sehemu moja wajuane huko mbele. Hazikuwa beji za serikali. Zilitengenezwa kwa shuka kuukuu, mfuko wa unga, uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Wengine walizishona ndani ya mfuko wa shati kwa sababu wakubwa hawakutaka mapambo. Waliorudi wakazihamishia kwenye makoti yao ya shambani, wakazeeka nazo, wakafa, na makoti yakawafikia wajukuu na hatimaye mafundi kama mimi.

Basi nikawa nazikusanya. Natoa bitana bure, wewe unaniachia beji. Wengine waliogopa, si unajua, vitu vya jeshi si vya kuchezea. Nikawaambia hizi si sare, hizi ni kazi za mama zenu. Sokoni wakanipachika jina la Afande. "Afande, leo umepandishwa cheo?" Nawapigia saluti, tunacheka, halafu wanafunga maduka yao wanakwenda kwa watoto wao.

Na nilikuwa najua kazi, sitajidharau kwa hilo. Wanawake wa huku milimani walijifunza kudarizi vitambaa vya meza kanisani, na kila mmoja ana mkono wake. Mwingine anavuta uzi mpaka kitambaa kinakunjamana. Mwingine anarudisha mshono nyuma. Nikigeuza beji nikatazama upande wa chini, nakuambia hii na ile zimetoka kwa mtu mmoja. Kiburi kilinianzia hapo.

Nilikuwa na beji kadhaa za tawi la kahawa lenye matunda mekundu. Mzee mmoja akaniambia, "Hizo za kijiji cha Iyula. Nenda kamwone Mama Tabu, zote alidarizi yeye."

Nikaenda, Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta mama mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, anapukuchua mahindi barazani.

"Karibu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi fundi, mama. Natoka Tunduma."

"Fundi naye ana baba. Nimekuuliza wa nani, sijauliza kazi."

Nikamtajia baba na babu, akatafuta tafuta kichwani mwake mpaka akapata mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumfahamu. Hapo ndipo akanipa kigoda. Nikamtolea zile beji. Jamani, uso wa yule mama! Akazishika moja moja kama mtu anayepokea vifaranga.

"Hii yangu. Hii yangu. Hii hapana, huyu alikuwa anafunga fundo mwishoni. Mimi sifungi fundo, naupitisha uzi chini ya wenzake, unajificha wenyewe."

Kisha akanisimulia ya mumewe. Aliitwa Festo. Alipoitwa vitani walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa na yeye ana mimba. Akawadarizia vijana wote wa Iyula tawi la kahawa lenye matunda mekundu, lakini kwenye beji ya Festo aliacha tunda moja bichi, la kijani. Akamwambia, "Hili nitalifanya jekundu mwenyewe, siku ukirudi."

Festo hakurudi. Wenzake walisema walitenganishwa naye kwenye mapigano, baada ya hapo hakuna aliyemwona. Mwili haukuletwa. Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Tabu. Ndugu wa mume wakataka kumrithi yule mjane, akakataa. Wakachoka, wakamwachia shamba la mibuni, na pembeni ya shamba ukoo ukapanga mawe kama kaburi, la mtu asiyekuwamo. Mama Tabu alikuwa analipalilia. Aliacha nafasi kando yake. "Hapa pangu," aliniambia siku ile ile ya kwanza, bila huzuni yoyote, kama anayekuonyesha kitanda chake.

Ndani alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo uzi mwekundu wa kudarizi. Ule ule. Alioutumia kwa matunda yote, akaubakiza kwa lile moja.

Ndugu yangu, nikawa naenda kila Jumapili. Mwanzoni kwa ajili ya beji, baadaye wala sikubeba beji. Nampelekea sukari, ananipa kande, tunakaa. Tabu, yule binti yake, ameolewa hapo hapo Iyula, naye alikuwa anapita na kunitania, "Mama, huyu mwanao wa Tunduma atamaliza maharage." Siku moja nilichelewa gari, nikafika jua limeshageuka. Nikakuta sahani yangu imefunikwa kwa sahani nyingine, juu imewekwa jiwe dogo kuku wasiipindue.

Nilikula nikilia. Nikamwambia ni moshi.

Sasa sikia ubaya wangu ulipojificha. Kila Jumapili Mama Tabu alikuwa anamtaja Festo. Festo alipenda hivi, Festo angesema vile. Nilianza kuona wivu! Mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu mtu aliyepotea vitani! Yeye hayupo na anasubiriwa. Mimi nipo na hakuna anayenisubiri, ukiacha hiyo sahani ya Jumapili, ambayo nayo niliona kama nakula ya kwake. Hili sijawahi kumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Halafu koti likaja.

Lililetwa na bwana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, mtu wa makamo, mpole. Koti zito jeusi, bitana imekwisha. "Mukwai fundi, hili la batata. Ametangulia mwaka huu. Nataka nilivae mimi, baridi inakuja." Mukwai kwao ni neno la heshima, na batata ni baba. Nikamwambia aache, arudi kesho.

Nikafumua. Ndani, upande wa moyo, nikakuta beji. Tawi la kahawa. Matunda mekundu, na moja la kijani.

Nikajichoma sindano. Nikageuza nyuma, hakuna fundo. Uzi umepitishwa chini ya wenzake. Ilikuwa ya Festo, hakuna ubishi, na hilo sikukosea.

Nilichokosea ni kingine, na ni kosa la fundi, ndiyo maana linauma. Pembeni mwa kile kitambaa kulikuwa na mashimo ya sindano mistari miwili. Mmoja wa vishimo vidogo, sawasawa, mkono wa mwanamke. Mwingine mashimo makubwa, yamekwenda upogo, kwa uzi wa gunia, mkono wa mwanamume asiyejua kushona. Maana yake beji ilishonwa mara mbili, kwenye nguo mbili, na watu wawili. Niliyaona! Nikayapa maelezo ya haraka: Festo mwenyewe aliihamisha kutoka kwenye shati la vita kuja kwenye koti. Nikafurahi na maelezo yangu.

Kesho yake bwana akaja. Nikamwuliza, "Baba yako alikuwa mtu wa wapi?" Akasema, "Mtanzania, mukwai. Alikuwa mgambo kwenye vita yenu. Baadaye akavuka, akaoa huku."

Neno moja lililobaki lilikuwa jina. Baba yako aliitwa nani? Hata mtoto angeuliza. Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza sana atashtuka, atajua ile beji ina thamani, ataitaka. Nikamwambia tu, "Kuna kitambaa kikuukuu humu ndani, niachie, bitana nakufanyia bure." Alikuwa na haraka ya kurudi ng'ambo. Akashukuru, akavaa koti lake, akaenda zake. Hata namba ya simu sikuchukua.

Nilifunga duka siku ile ile na kwenda Iyula.

Nilimkuta Mama Tabu anaanika maharage juu ya turubai. "Fundi! Leo si Jumapili. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Kuna habari."

Nikamwekea beji kiganjani. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye maharage, akapitisha kidole kwenye lile tunda la kijani, akaigeuza.

"Ni mkono wangu," alisema. "Umeitoa wapi?"

Hapo, ndugu yangu, ningesema, "Ilikuwa kwenye koti, sijajua zaidi, ngoja niulize." Maneno machache tu. Lakini alikuwa ananitazama mimi! Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu anachokihitaji, na hakuna mtu duniani aliyekuwa nacho isipokuwa mimi. Nikajiachia.

"Mama, Baba Tabu hakufa vitani. Alirudi. Alivuka mpaka, akaoa Nakonde, akazaa. Koti kaniletea mwanawe. Mwenyewe amefariki mwaka huu."

"Nakonde hii hii?"

"Hii hii, mama."

"Mimi nimeuza maharage Tunduma pale mpakani tangu Tabu yuko mgongoni," alisema polepole. "Nikisimama naona mabati ya Nakonde."

Kisha akaniuliza, "Huyo mwanawe anafanana na Tabu?"

Mungu anisamehe. Uso wa yule bwana wala sikuwa nimeutazama vizuri, nilikuwa natazama koti. Lakini nilikuwa nimeshapanda mlima, sikutaka kushuka.

"Pua," nikasema. "Pua ni ile ile."

Nilisema pua!

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na lile kopo. "Chukua uzi huu, fundi, utakufaa kazini. Na beji yako rudi nayo, mimi sina kazi nayo." Nikapokea. Kwa mikono miwili, na asante nikasema. Na njia nzima ya kurudi, shetani si mtu, nilikuwa nafurahi kwamba beji imebaki kwangu.

Jumapili iliyofuata sikukuta sahani. Mama Tabu amelala ndani, mlango umerudishwa. Tabu alikuwa nje, macho mekundu. Akanionyesha pembeni ya shamba. Yale mawe yalikuwa yametawanywa, mengine yametupwa mpaka barabarani. Mama yake aliyatoa mwenyewe, kwa mikono yake.

Tabu alitaka kwenda Nakonde kumtafuta huyo ndugu yake. Mama akamkataza. "Aliyeona mabati yetu asivuke, nawe usivuke. Usinifuatie aibu." Tabu akatii. Alikuwa amekua kanisani na shuleni akiitwa mtoto wa shujaa, sasa alitembea ameinamisha kichwa.

Mimi je? Mimi nilikwenda Jumapili mbili tatu zaidi, nikakaa barazani peke yangu, nikarudi. Nikajiambia ukweli unauma, atazoea. Ukweli!

Hakuzoea. Baridi ilipokolea kifua kikambana, na chakula alikuwa ameshakikataa. Kabla hajakata roho aliwaita kaka zake wa Ihanda na ndugu wa mume, wote wakae wasikie. Akasema asizikwe Iyula. Azikwe Ihanda, kwa baba yake, kama binti ambaye hakuolewa. Ndugu wa mume wakapinga, kwamba mke aliyekataa kurithiwa kwa ajili ya mume anaondokaje nyumbani mwa mume? Tabu akasimamia neno la mama yake. Akazikwa Ihanda.

Nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa. Watu walinisogelea kunipa mkono. "Fundi, asante, umetufungua macho." Walinishukuru, ndugu yangu!

Mahindi yalikuwa yameshavunwa yule bwana wa Nakonde aliporudi dukani. Amevaa koti lake. Nilipomwona nilidhani zipu imekufa, kaja nimtengenezee.

"Mukwai fundi, samahani. Kile kitambaa nilichokuachia, bado unacho? Ba mayo, mama yangu, wamenigombeza sana. Wanasema nimetoa kitu kisicho chetu. Kile kilikuwa amana."

"Amana ya nani?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ya rafiki yake batata. Walikuwa wote vitani. Yule rafiki aliumizwa, akamfia mikononi. Kabla ya kukata roho alikitoa kwenye shati lake kwa wembe, akamwambia, mpelekee mke wangu Iyula. Mwambie amalizie."

"Amalizie nini?"

"Batata hakujua. Alisema hakupata nafasi ya kuuliza."

Mimi nilijua. Mimi peke yangu, wakati ule, chini ya jua, ndiye niliyejua ni nini cha kumalizia.

Nikamwuliza lile swali. "Baba yako aliitwa nani?" Akanitajia. Halikuwa Festo. Wala halikukaribia Festo. Alikuwa mtu wa upande huu wa Tunduma, alikutana na Festo huko huko jeshini, watu wa Iyula hawakumjua.

"Kwa nini hakuipeleka?" Nilipandisha sauti, kana kwamba mkosaji ni yeye.

"Alikwenda, mukwai. Vita ilipokwisha alifika mpaka shambani kwao. Akamkuta mama yule anapalilia mibuni, mtoto mgongoni, anaimba. Batata alisema alishindwa kumkatisha wimbo. Akageuka. Kesho nitakwenda, kesho nitakwenda, mpaka akavuka, mpaka akazeeka. Akaishona ndani ya koti isipotee. Alikuwa akilivaa hata kwenye joto."

Nilikalia kitambaa cha mteja, sikumbuki hata cha nani. Yule mzee alikuwa na neno la kweli likamshinda kulitoa maisha yake yote. Mimi nilikuwa na la uongo nikalikodia bodaboda.

Nikamwambia yule bwana kila kitu. Hakunitukana. Alivua kofia tu, akasema, "Twende."

Tulimkuta Tabu kwenye nyumba ya mama yake, anafagia. Nilianza kusema nikashindwa, yule bwana akamalizia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Tabu alisikiliza amesimama, ufagio mkononi. Aliposikia "amalizie" akaketi. Halafu akamtazama yule bwana usoni, akamtazama sana.

"Pua haifanani," alisema.

Ndugu yangu, nimewahi kupigwa. Nimewahi kufiwa. Hilo neno sijui niliweke wapi.

Kisha akanigeukia. "Fundi, uzi wa mama uko wapi?"

Hapo ndipo aibu iliponivua nguo kabisa. Maana uzi ule niliutumia! Nilidarizia majina kwenye masweta ya wanafunzi, nikashonea vitundu vya vifungo. Ulikuwa mzuri, hautoi rangi. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi kimezungushwa kwenye kadi, nilikichukua pamoja na beji kabla hatujaondoka dukani. Nikakitoa. Tabu akapokea beji, akakipima kile kipande kwa macho na lile tunda.

"Kitatosha," alisema.

Nikanyoosha mkono kuchukua beji, nikitaka nifanye mimi, mimi fundi. Akaivuta kwake. "Wewe usiiguse. Nitungie uzi tu kwenye sindano. Macho yangu yamejaa."

Hiyo ndiyo kazi niliyoruhusiwa. Nilitunga uzi, nikampa sindano, nikarudi nyuma.

Tabu hajui kudarizi. Alishona polepole, akijichoma, na tunda likatoka kubwa kuliko wenzake, limepinda upande. Mwishoni alitaka kufunga fundo, akasita, akaupitisha uzi chini kama mama yake. Kisha akasema, "Mama hawezi kurudishwa Iyula, ameshalala. Basi baba atapelekwa Ihanda."

Wakaitana ndugu wa pande zote mbili. Waliokuwa wamenipa mkono msibani hawakunipa tena. Tulifika Ihanda, wakaanza kuelekea makaburini na ile beji na jembe moja, wakaizike kando ya mama, shimo lenyewe la kuingiza kiganja tu. Nami nikafuata. Tabu akageuka.

"Fundi, hapo panatosha."

Nikabaki barabarani na vijana wa bodaboda. Yule bwana wa Nakonde, mgeni kabisa, walimpisha mbele, akabeba jembe. Nilisikia wakianza wimbo. Kutoka pale nilipokuwa sikuweza kuona lolote isipokuwa migongo yao.

Tangu siku hiyo Tabu hajawahi kunijibu salamu. Sina cha kulalamika. Watu husema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Wangu amekuja na kuhamia kabisa, tunakaa naye Mpemba, chumba na sebule. Beji zilizobaki nazirudisha moja moja, naulizia mwenyewe, naulizia jina, nagonga hodi. Sokoni bado wananiita Afande, na saluti siwapigii tena.

Jumapili navaa shati safi bila kujijua, nafika barabara kuu. Gari linasimama, konda ananiita, "Afande, twende!" Namjibu namsubiri mtu.

Basi wewe unayesoma, nakuonya. Kama umeokota kitu cha marehemu, kama una habari ya mtu asiyeweza kujitetea, funga mdomo wako kwanza ukaulize jina. Usishone hadithi kwa kitambaa cha mwenzio. Na kama unaogopa kwamba ukiuliza utanyang'anywa hicho ulichookota, uliza hivyo hivyo. Afadhali unyang'anywe.